Injini Iliyopashwa Moto Mwezi wa Saba

Kazi ya kutafuta hitilafu ya nyaya kwenye gari inataka watu wawili. Mmoja analala chali chini ya dashibodi akiwa na taa ya kupimia umeme, mwingine anakaa kwenye kiti na kuzungusha ufunguo kila anapoambiwa. Delmar Kittleson aliijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote pale Brandvold, kaskazini mwa Iowa, maana alikuwa fundi umeme wa ghala la ushirika la nafaka kwa miaka thelathini na minane. Ila Alhamisi ile alikuwa peke yake bandani. Akachukua uzi wa kufungia magunia, akaining'iniza taa kwenye kioo cha ndani ili aweze kuiona akiwa amekaa, kisha akawa anajituma mwenyewe. Anajipenyeza chini, anabana waya wa taa mahali, anatambaa nje, anakaa kwenye kiti, anazungusha ufunguo, anaitazama taa, anarudi tena chini.

Mara kumi na moja alishuka na kupanda, na magoti yake yenye miaka sitini na tisa yalilalamika mara zote kumi na moja. Mara moja, akiwa chini na bisibisi mdomoni, alijisahau akasema, "Haya, jaribu sasa." Kiti kilikuwa kitupu. Alibaki amelala pale kwa muda, akitazama nyaya, akiona haya ingawa hakukuwa na mtu wa kumwonea haya.

Gari lilikuwa la mkewe, Arlys. Lilikuwa gari refu la mwaka 1966, la buluu hafifu, lenye kiti kimoja kipana mbele na gia za kujibadilisha zenyewe. Alilipata kwa shangazi yake kabla hawajaoana, na katika nyumba ile hapakuwa na ubishi: pikapu ni ya Delmar, gari ni la Arlys. Arlys alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi wa Machi, barafu ikiwa bado imeshika kwenye mabomba ya maji. Tangu siku hiyo gari halikuwahi kuwaka. Betri mpya, starta mpya, nyaya nene mpya kutoka kwenye betri, vyote Delmar alivibadilisha, na kila alipozungusha ufunguo taa za dashibodi zilimng'aria vizuri kabisa na injini ikamnyamazia.

Sasa muda ulikuwa umemwishia. Jumatatu ilikuwa Siku ya Kumbukumbu, ambapo watu wa pale huwapelekea wafu wao maua makaburini, na Jumanne alikuwa anakuja mtu wa Des Moines na trela kulichukua gari. Binti yake, Renae, ndiye aliyempata mnunuzi, kwa simu, akiwa huko Arizona. Hakuwa mtoto mbaya. Alimwambia baba yake kwamba gari linaozea bandani na yeye anaoza nalo, na wakakubaliana: likitembea kabla ya Jumanne, libaki. Lisipotembea, liende.

Kuna jambo jingine ambalo Delmar hakumwambia Renae. Kila mwaka siku hiyo Arlys alikuwa akikata maua yake ya piyoni, yale makubwa mazito ya waridi na meupe, akiyatia kwenye makopo ya kahawa yenye maji, akiyapanga ndani ya gari na kuyapeleka makaburini polepole kama anayebeba mayai. Mwaka ule aliofariki, Delmar hakwenda kabisa. Mwaka uliofuata alikwenda na pikapu, na kwa kuwa maisha yake yote alizoea kwamba mzigo unapanda nyuma, aliyaweka maua nyuma, juu wazi, akaendesha maili nne kwenye upepo. Alipofika kwenye kaburi la mkewe alikuwa na makopo matatu ya vijiti. Alisimama pale amevua kofia huku majirani wakiangalia pembeni kwa heshima, na hakuwahi kujiona mpweke kama siku ile, hata siku ya mazishi.

Kwa hiyo alitaka gari. Alitaka kumpelekea Arlys maua yaliyo na petali.

Alhamisi hiyo taa ilimpa jibu mwishowe. Umeme ulitoka kwenye betri ukafika kwenye ufunguo, taa iliwaka. Ukashuka kwa waya mnene wa zambarau hadi kwenye swichi ndogo iliyofungwa kwenye shina la usukani, taa iliwaka. Upande wa pili wa swichi hiyo, ambako umeme ulitakiwa kutoka uende kwenye starta, taa ilikataa. Ilikuwa ni swichi ya usalama. Kazi yake ni moja tu, kuinyima starta umeme mpaka gia iwe paki, magurudumu yamefungwa, au fri, injini haivuti kitu, ili gari lisije likawaka likiwa kwenye gia likaruka na kumkumba mtu. Gia ilikuwa paki, kama ilivyokuwa siku zote, na swichi ilikaa kimya.

Ijumaa asubuhi alikwenda mkahawani, ambako wazee wenzake hutikisa dadu kwenye kikombe cha ngozi kuamua nani analipia kahawa. Walimpa ushauri kwa ukarimu. Mmoja alisema fyuzi, mwingine alisema panya wamekula nyaya, wa tatu akasema gari linamkumbuka mwenyewe, halafu akajuta kusema na kutumbukiza pua kwenye kikombe. Delmar alipotaja swichi ya usalama, meza nzima ilipata shughuli na sukari. Yeyote kati yao angeweza kumwambia jambo la kwanza ambalo hata mtoto wa shule angelisema: likikataa paki, lijaribu kwenye fri. Hakuna aliyelisema. Pale Brandvold mtu akifiwa unampelekea chakula kilichofunikwa na kuanzia hapo hulitaji jambo lile tena mpaka na wewe ufe. Wao wanaita hiyo heshima, na labda ni heshima kweli, lakini kuna watu imewaua kwa ukimya.

Jambo ambalo halikutajwa lilikuwa la mwaka 1968. Delmar alikuwa na miaka kumi na minane. Trekta la baba yake lilikuwa na swichi ya namna hiyohiyo, nayo ikaanza kusumbua katikati ya msimu wa kupanda. Delmar, aliyekuwa tayari anasifiwa kwa mkono wake wa umeme, alizikata nyaya mbili za swichi, akazisokota pamoja, akafunga tepu, na trekta likawa linawaka wakati wowote. Baba yake alimpigapiga begani. Siku sita baadaye kaka yake, Orlin, alisimama chini mbele ya gurudumu la nyuma, akanyoosha mkono na kuwasha trekta bila kupanda, kama walivyofanya wakulima wote wa pale wakiwa na haraka. Trekta lilikuwa kwenye gia. Swichi ingekuwa kazini, lisingewaka.

Hakuna aliyemlaumu. Mama yake hakumlaumu, baba yake hakumlaumu, mchungaji hakumlaumu, na kwa kuwa hakuna aliyemlaumu hapakuwa na wa kumsamehe pia. Alichofanya ni kujitungia sheria na kuishi ndani yake. Chombo chochote chenye injini kinawashwa mtu akiwa amekaa, gia ikiwa paki, bila mjadala. Renae alipokuwa na miaka kumi na sita, gari lilimzimikia njia panda, akaliwasha likiwa fri. Delmar alimnyang'anya ufunguo mwezi mzima na usiku huo hakula. Arlys aliyaona yote hayo, hakusema neno.

Mchana wa Ijumaa alimpigia simu muuza vipuri vya magari ya zamani huko Minnesota. Swichi ilikuwepo, lakini ingechukua siku kumi kufika.

"Lakini mzee, una haraka ya nini na swichi?" yule mtu alisema, sauti ya kirafiki tu. "Zile nyaya mbili za zambarau, zikate, zisokote pamoja, piga tepu, uende zako. Mbona kila mtu anafanya. Au kabla hujakata, ulishajaribu kuiweka kwenye—"

Delmar alikata simu. 

Jumamosi aliifungua swichi. Skrubu mbili, nyaya mbili, na kifuniko ambacho kilihitaji subira. Aliiweka juu ya gazeti kwenye meza ya jikoni, akavaa miwani, akasogea dirishani. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya shaba, kimoja cha paki, kimoja cha fri. Cha paki kilikuwa kimevunjika, ncha yake haipo. Hilo lilimfurahisha, maana fundi hufurahi akiuona ugonjwa kwa macho. Kisha akaacha kufurahi. Mahali pale palipovunjika palikuwa pameota kutu ya kijani, nene, ya zamani. Shaba haioti kutu ya namna hiyo kwa miaka miwili, wala kwa kumi. Cha fri kilikuwa kizima, kina vidoadoa vyeusi vinavyoachwa na umeme kila injini inapowashwa, vimejaa mamia kwa mamia.

Delmar alivua miwani. Arlys aliendesha gari hili mpaka Oktoba ile ya mwisho. Na gari hili halikuweza kuwaka paki kwa miaka mingi sana.

Alikuwa bado amekaa pale Verna Tweten alipoingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha, kama alivyokuwa akiingia kila Jumamosi, na bakuli la nyama ya kusaga na viazi lililofunikwa kwa karatasi ya bati. Verna alikuwa rafiki wa Arlys tangu shule, mjane naye, na kila Jumatano walikuwa wakienda pamoja kanisani kushona mablanketi ya kupeleka kwa wakimbizi. Aliiona swichi kwenye gazeti, akaliweka bakuli chini taratibu.

"Verna, ulikuwa unapanda gari hili kila wiki," Delmar alisema. "Alikuwa analiwashaje?"

"Umeshajua, wewe."

"Ningekuwa najua nisingeuliza."

Verna alivuta kiti akakaa bila kuvua koti. "Anakanyaga breki kwa mguu mzima, anashusha gia hadi fri, anawasha. Likishawaka anarudisha paki. Basi. Hakuna uchawi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule Renae alipomaliza shule."

Miaka thelathini. Delmar aliuliza ni akina nani waliojua. Verna alifikiri kidogo, akasema wanawake wote wa kushona, na mke wa mchungaji, na mchungaji mwenyewe, yule wa sasa na yule aliyemtangulia.

"Kanisa zima," Delmar alisema. "Na hakuna hata mmoja aliyeweza kunifungulia mdomo."

"Alituapisha, Delmar. Alisema ukijua anawasha gari nje ya paki hutalala tena katika nyumba hii. Alisema umeshamzika Orlin mara moja, inatosha."

Jina hilo halikuwa limetamkwa jikoni mle tangu walipohamia. Delmar alitazama mikono yake.

"Angeniambia tu kwamba swichi ni mbovu, ningeitengeneza kwa saa moja."

"Alikwambia. Alikwambia gari linasumbua kuwaka, ukanunua betri." Verna alianza kucheka, halafu uso ukambadilika. "Betri ngapi, Delmar?"

Zilikuwa tano. Alizikumbuka zote, na alikumbuka namna zilivyofungwa. Yeye ameinamia injini, boneti iko wazi, amemaliza kukaza nati, anapaza sauti, "Haya, washa!" Na Arlys, ambaye hakuweza kuonekana nyuma ya boneti, anawasha, na injini inaitika mara moja. Naye Delmar anafunga boneti, anapangusa mikono kwa kitambaa na kumwambia kupitia dirishani, "Si nilikwambia ni betri." Mara tano alimwambia hivyo. Mara tano Arlys alimjibu kwamba kweli, kuwa na fundi nyumbani ni baraka.

Verna alipoondoka aliomba piyoni chache za kaburi la mumewe, Delmar akamwambia akate atakazo. Kisha alibaki na bakuli, na hakula. Likamjia jambo jingine, dogo, na ndilo lililomvunja.

Walipokuwa wakitoka pamoja, Delmar ndiye aliyeendesha. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanaume wote wa pale. Lakini Arlys alikuwa akitangulia kutoka. "Natangulia kupasha injini moto," alikuwa akisema, naye Delmar alibaki ndani kutafuta kofia na kumalizia kahawa. Akitoka anakuta gari linanguruma, gia iko paki, Arlys amesogea upande wa abiria na mkoba wake uko katikati ya kiti. Delmar anaingia upande wa kushoto, ambako kule ndiko uliko usukani, anausukuma mkoba kwa mkono wa kulia umfikie mwenyewe, wanaondoka. Januari, sawa, baridi ya kule inapasua chuma. Lakini Arlys alikuwa akipasha injini moto mwezi wa saba pia, ambao kule ndio wa joto kali. Alipasha injini moto siku ambazo lami ilikuwa inayeyuka na kuku wanahema kivulini. Miaka thelathini, na mwanaume aliyelipwa na ushirika kwa kujua kwa nini kitu kinawaka au hakiwaki hakuwahi kujiuliza hata mara moja.

Jumapili baada ya ibada aliirudisha swichi mahali pake, na nyaya zake mbili za zambarau kila mmoja kwenye upande wake, haukukatwa hata mmoja. Mbele ya gari hapakuwa na kitu ila ukuta wa banda, na hapakuwa na mtu ndani ya nusu maili. Hata hivyo aliweka vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yote manne. Akalizunguka gari mara mbili, akachungulia chini yake. Akaingia, akafunga mlango, akakanyaga breki kwa mguu mzima.

Kuishusha gia ile kutoka paki kulimchukua muda mrefu kuliko kazi yote ya Alhamisi. Aliwaza kwamba swichi iliruhusu fri tangu siku ilipotoka kiwandani. Kilichovunjika hakikuwa ruhusa hiyo; aliyeifunga fri alikuwa yeye, kwa sheria yake. Alimwona Orlin, si vile alivyokuwa mwisho, bali asubuhi ile, amevaa kofia kisogoni, akipiga mluzi kuelekea kwenye trekta. Delmar alishusha gia moja. Akashusha ya pili, ikakaa fri. Alisema kwa sauti, "Orlin, sogea," na akazungusha ufunguo.

Liliwaka kwa mzunguko wa kwanza. Halikukohoa, halikusita, pamoja na kukaa miaka miwili, kama gari ambalo lilikuwa linasubiri tu kuulizwa vizuri. Gari lote lilitikisika kidogo na kutulia. Halikwenda mbele wala nyuma. Delmar alikaa pale, mguu bado kwenye breki, akalia kwa sauti jinsi ambavyo hakuwahi kulia tangu akiwa kijana, na injini ikamfunikia kilio.

Jioni alimpigia Renae, akamwambia yule mtu wa Des Moines asije.

"Kwani limewaka?" Renae aliuliza. "Kumbe lilikuwa na nini?"

"Halikuwa na kitu cha kulizuia," baba yake alisema. "Lilikuwa linawaka muda wote. Mama yako alikuwa analiwasha fri."



"Baba," Renae alisema, "ulikuwa hujui?"

Jumatatu asubuhi alikata piyoni kukiwa bado na umande, zile nyeupe na zile za waridi, akazitia kwenye makopo matatu ya kahawa na kuyapanga ndani ya gari, mawili sakafuni, moja katikati ya kiti cha mbele, mahali pa mkoba. Akaingia, akakanyaga breki, akashusha gia hadi fri, akawasha.  Akarudisha paki, akavuta breki ya mkono, ndipo akagundua kwamba hana kofia.

Akaliacha gari likinguruma, akarudi ndani. Kofia ilikuwa kwenye msumari wake. Kahawa ilikuwa imebaki nusu kikombe, akaimalizia akiwa amesimama karibu na sinki, na kupitia dirishani akaisikia injini kule uani, taratibu, inamsubiri, kama alivyoisikia kila mara walipokuwa wanatoka pamoja. Kwa kitambo kidogo hapakuwa na tofauti yoyote. Alitoka kwa mlango wa jikoni, akashuka ngazi mbili, akafungua mlango wa gari na kuingia, na mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kusukuma mkoba.

Ukakutana na kopo la maua. Akalishika lisimwagike.

Miaka thelathini aliingia katika gari lililokwisha kuwashwa, akausukuma mkoba na kuondoka bila neno, akidhani ni mazoea tu ya mkewe.

"Asante kwa kupasha injini," alisema.

Akatia gia, akaachia breki ya mkono, akaendesha maili zote nne polepole, vioo vimefungwa, mkono mmoja ukiwa kwenye kopo. Petali hazikudondoka hata moja.